Nusu nyumbani, nusu ofisini, na mhuri ni mmoja: mnaosimamia watu hivi mnafanyaje? (Kigoma)

MwishoWaReli (mwenye uzi)

Wakuu, mwakeye. Naleta jambo hili kabla sijafanya kosa la tatu, maana mawili nimeshayafanya.

Nipo Kigoma mjini, nasimamia ofisi ya kampuni inayonunua mawese kwa wakulima wadogo na kuyasafirisha. Si kampuni kubwa. Tuko 19: wanane wako stoo na kwenye mizani kule Kibirizi, kumi na mmoja ni watu wa mezani, yaani uhasibu, manunuzi, wapokea simu za mawakala na waingiza takwimu. Mwaka jana mvua ya Februari iling'oa mabati ya jengo tulilopanga. Mwenye nyumba alipomaliza kuezeka, kodi ikapanda juu kuliko paa. Mkurugenzi, ambaye yeye yuko Dar, akaamua tuhamie vyumba viwili hapa Mwanga. Meza sita, watu kumi na mmoja. Watano wakaambiwa wafanyie kazi nyumbani "kwa muda". Muda huo sasa una miezi kumi na tano.

Mimi nimezoea kusimamia watu ninaowaona. Daftari la mahudhurio liko mlangoni, unafika saa mbili kasoro unasaini, ukichelewa napiga mstari mwekundu. Sasa mtu aliyeko Ujiji nimpigie wapi mstari?

Kosa la kwanza ni picha. Niliamuru kila aliye nyumbani atume picha ya meza yake kwenye kundi la WhatsApp: saa mbili na nusu, saa sita, saa tisa. Wiki mbili mambo yakaenda. Wiki ya tatu nikaona picha ya dada mmoja ina kalenda ukutani imeandikwa Machi, na sisi tuko Mei. Nikajua nimeletewa picha ya zamani, nikamwandikia onyo. Hakubishana. Alinitumia kazi ya siku ile: simu 31 za mawakala, kila moja na saa yake na jibu alilotoa. Nikabaki na barua yangu kama mgambo aliyemkamata mwizi dirishani akakuta ni mwenye nyumba kasahau funguo.

Kosa la pili ndilo linaloniuma. Jumanne moja tulikwenda kula kwa mama lishe, mimi, mtu wa manunuzi na mhasibu. Ugali, mgebuka, maharage. Mkurugenzi akapiga: soko limelegea, shusheni bei, dumu la lita 20 litoke 62,000 liwe 58,000. Tukakubaliana pale pale, tukanawa mikono, tukarudi. Stoo nikawapigia. Wa nyumbani nikasema watasikia. Watasikia kwa nani, sikujiuliza. Dada wa simu, yule yule wa kalenda, aliendelea kuwatajia mawakala 62,000 mpaka Jumatano jioni. Mzigo ulipofika stoo vijana wakabisha, mawakala wakatoa simu wakaonyesha ujumbe wake. Mkulima keshabeba madumu kutoka Simbo, utamgeuka? Madumu 85 yakapokewa kwa bei ya zamani. Hasara 340,000.

Mkurugenzi anataka dada akatwe mshahara. Na mimi, nikiri, siku ya kwanza nilikubaliana naye.

Nauliza basi. Msiowaona mnawasimamiaje? Bando nani alipe? Wa stoo, ambao mizani yao haihamii sebuleni, nawaambia nini wanaposema wenzao wamelala? Na mhuri ni mmoja, uko kwenye droo yangu. Hati ikiandaliwa nyumbani inasubiri siku mbili kupigwa mhuri tu. Nipeni uzoefu. Kejeli nazo karibuni.

Ng'amboExpress

Mwangaluka kutoka Tabora. Mkuu, kalenda ya sebuleni kwangu imesimama Januari 2023 kwa sababu picha ya mwezi ule ni nzuri. Na mimi niandikie onyo.

BintiWaUjiji

Mwenye uzi, nashukuru umejisema mwenyewe kwanza, umenipunguzia maneno.

Mimi ni mhasibu wa taasisi nyingine hapa hapa, mwaka wa pili nafanyia kazi nyumbani siku nne kati ya tano. Nitaanza na hesabu, maana watu wanalia kuhusu bando bila kupiga hesabu nzima. Bando langu la mwezi 35,000. LUKU ya umeme nilikuwa naweka 15,000, sasa 27,000, maana kompyuta na feni vinashinda vimewashwa. Kwa hiyo nimeongezewa mzigo wa 47,000. Upande wa pili: nauli ya daladala naokoa 26,400, na chakula cha mchana naokoa kama 40,000, kwa sababu nyumbani nakula kilichopikwa kwa wote. Jumla 66,400. Toa 47,000, nabaki na 19,400 mfukoni, na dakika arobaini za usingizi. Mimi simdanganyi mtu, nafaidika.

Lakini mwajiri naye afungue daftari lake. Wewe umetoka jengo kubwa ukaingia vyumba viwili. Tofauti ya kodi kwa miezi kumi na tano imekwenda wapi? Kama hata 35,000 za bando hazikutoka humo, basi mmewapangisha wafanyakazi wenu sebule zao bila kodi.

Pesa siyo iliyoniumiza, hata hivyo. Nyumba ya Ujiji unaijua, haina mlango unaofungwa. Shangazi akija anajua nipo. "Maadamu upo, nishikie mtoto nifike sokoni mara moja." Mara moja ya Ujiji ni saa mbili na nusu. Kumkatalia shangazi siwezi, kumweleza bosi kuwa nimemshikia shangazi mtoto nako siwezi. Nilichofanya ni kukaa na mama mkwe nikamwomba yeye ndiye awaambie watu kwamba saa mbili hadi saa saba Bi fulani yuko kazini, hayupo. Neno langu lisingesikika. La kwake limesikika.

Na lingine: ilitoka nafasi ya kwenda mafunzo Dodoma. Nilisikia siku ambayo aliyechaguliwa ananiaga. Hakuna aliyenionea, nina hakika. Walikuwa wanaongea mlangoni, bosi akauliza nani aende, jicho likaangukia aliyekuwa karibu. Basi. Wewe umetoa 340,000 kwa sababu ya mazungumzo ya kwa mama lishe. Mimi nilitoa mafunzo.

ChifuWaIsevya

Nitapingana na wote. Nina duka la pembejeo Tabora mjini na watu saba. Niliwahi kumruhusu kijana wa stakabadhi afanyie nyumbani. Mwezi wa pili nikamkuta Kanyenye anauza simu saa nne asubuhi, saa yangu. Warudishe wote. Meza sita? Wakae wawili wawili, shule tulikaa watatu dawati moja na tukafaulu.

BintiWaUjiji

Chifu, na stakabadhi zako alikuwa anazimaliza au hakuzimaliza?

ChifuWaIsevya

Alizimaliza.

BintiWaUjiji

Haya.

ChifuWaIsevya

Usinicheke dada. Nilikuwa namlipa siku nzima.

MzeeWaStesheni

Vijana, hamjambo. Mimi nimestaafu reli, naishi Tabora. Nimesoma nikashangaa mnavyoliona jambo hili kama limeletwa na intaneti.

Reli ya kati ilifika Tabora mwaka 1912, ikafika kwenu Kigoma 1914. Tangu hapo reli imesimamia watu isiowaona. Bwana stesheni wa Usinge au Malagarasi angeweza kukaa majuma bila kumwona mkubwa wake kwa macho. Nani alimpiga picha? Hakuna. Kulikuwa na rejesta ya treni. Treni imeingia saa ngapi, imetoka saa ngapi, umeongea na stesheni ya mbele saa ngapi, amekujibu nini. Unaandika wakati ule ule, kwa wino. Ukikosea unapiga mstari mmoja ili la zamani lisomeke, unaandika jipya pembeni na unasaini. Na dereva, hata akiwa shemeji yako, haondoki kuingia kipande kinachofuata mpaka awe na idhini mkononi. Kumwambia kwa mdomo "nenda, njia nyeupe" haikuwa idhini.

Unajua kwa nini? Kwa sababu njia ni moja. Wawili wakiwa na habari tofauti juu ya njia moja, wanakutana katikati.

Bei yako ya dumu ilikuwa njia moja. Stoo walikuwa na habari yao, binti wa simu alikuwa na yake. Wakakutana mizani. Sasa unataka kumkata mshahara dereva uliyemnyima karatasi?

Ushauri wangu ni mmoja. Neno lililosemwa mezani kwa mama lishe halijasemwa mpaka liandikwe mahali ambapo wote wanasoma. Hata kama wote mliolisema mko pamoja. Hasa kama wote mliolisema mko pamoja.

Ng'amboExpress

Shikamoo mzee. Hapo kwa dereva nimesimama.

MzeeWaStesheni

Marahaba mwanangu.

WakiliWaMtaani

Niongezee upande wa sheria, maana kuna watu watakuja kushtakiana hapa.

La kwanza, kukata mshahara. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, kifungu cha 28. Huwezi kuamka ukakata 340,000 kwa sababu umekasirika. Kwa hasara, lazima iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake, apewe nafasi ya kujieleza kwa nini asikatwe, akubali kwa maandishi, kiasi kisizidi hasara yenyewe, na makato yote kwa pamoja yasivuke robo ya mshahara wake. Sasa soma tena maelezo yako mwenyewe, mkuu. Kosa lake liko wapi? Ulichoandika hapa kikifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ndicho utetezi wa dada. Mwambie mkurugenzi polepole.

La pili, mahali pa kazi. Kifungu cha 15 kinamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira kwa maandishi, na mahali pa kufanyia kazi ni mojawapo, pamoja na saa za kazi. Vikibadilika, mnashauriana, mnarekebisha maandishi, anajulishwa kwa barua. "Kwa muda" ya mdomo ya miezi kumi na tano siyo barua. Ukurasa mmoja unatosha: siku zipi nyumbani, saa zipi anapatikana, vifaa ni vya nani, bando nani analipa, akitakiwa ofisini anaarifiwa mapema kiasi gani.

La tatu ni saa. Kawaida ni saa 9 kwa siku na 45 kwa wiki. Zaidi ya hapo ni ziada, inalipwa mara moja na nusu, na haivuki saa 50 kwa wiki nne. Kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi ina nyongeza ya asilimia 5 kwa kila saa. Wewe unayesimamia wengine na kuripoti moja kwa moja kwa wakubwa, vifungu hivi vya saa havikuhusu. Dada wa simu vinamhusu. Ukimtumia ujumbe saa tatu usiku "naomba jedwali la leo", na akalifanya, umefungua mita.

Ajali nyumbani: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi unafidia ajali iliyotokana na kazi na iliyotokea wakati wa kazi. Mtu akipigwa shoti na kompyuta ya ofisi saa tano asubuhi sebuleni, swali litakuwa kama alikuwa kazini. Ile karatasi ya saa zake ndiyo itakayojibu.

Na mwisho, namba za simu za wakulima na vitambulisho vyao vya NIDA ambavyo bila shaka vimo kwenye simu binafsi za hao watano, simu ambazo watoto wanachezea. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Nimemaliza, siyo ushauri wa kulipia.

ChifuWaIsevya

Kumbe hata kule kumkuta Kanyenye ningeshtakiwa mimi.

KaliuaKwetu

Chifu anasema warudi wote, Binti anasema kuna faida. Kuna utafiti wa watu waliopima badala ya kubishana. Mchumi Nicholas Bloom wa Stanford na wenzake walifanya na kampuni ya safari ya China, Ctrip. Walichukua watu 249 wa kupokea simu, waliojitolea, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu nyumbani nusu ofisini, miezi tisa. Wa nyumbani utendaji wao ulipanda asilimia 13, sehemu kubwa kwa sababu walikuwa kwenye simu muda mrefu zaidi: mapumziko machache, siku chache za kuugua. Walioacha kazi walipungua kwa nusu.

Ila msikimbilie hapo tu. Aliyeruhusiwa alitakiwa awe amefanya kazi angalau miezi sita, awe na intaneti ya uhakika na chumba cha peke yake. Na siku moja kwa wiki walikuja ofisini. Baada ya majaribio, wengi waliokuwa nyumbani waliomba kurudi, na sababu waliyoitaja zaidi ni upweke. Halafu hili la Binti lilionekana pia: ukilinganisha watu wenye utendaji sawa, wa nyumbani walipandishwa cheo kidogo kuliko wa ofisini.

Kampuni hiyo hiyo, sasa inaitwa Trip.com, walirudia na watu 1,612, siku mbili nyumbani na tatu ofisini. Matokeo yalichapishwa 2024 kwenye jarida la Nature. Safari hii utendaji na kupanda vyeo havikuonyesha tofauti, na kuacha kazi kulipungua kwa theluthi. Kilichonichekesha: kabla ya kuanza, mameneja walitabiri utendaji utashuka. Walipoulizwa mwishoni wakasema umepanda kidogo. Wafanyakazi walikuwa wale wale.

BintiWaUjiji

Chumba cha peke yake! Waje Ujiji waniteulie.

KijanaWaKatubuka

Mimi naomba nizungumze kwa niaba ya wageni kazini. Niliajiriwa nikaambiwa nianzie nyumbani. Nilifurahi, nikanunua kiti kabisa. Miezi minane baadaye nilikuwa najua kazi niliyotumwa tu, ya jirani yake siijui. Kuuliza kwenye WhatsApp kunatisha, kundi lina watu ishirini na mkurugenzi yumo. Unaandika swali, unafuta, unaandika, unafuta. Wanaona "anaandika" halafu kimya.

Wiki ya kwanza niliyokaa ofisini nilisikia mwenzangu wa meza ya pili akigombezwa kwa kudai VAT kwa risiti isiyo ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi. Hakuna aliyekuwa ananifundisha mimi. Lakini lile sitalirudia maisha yangu yote. Kwa hiyo mkuu, kabla hujapanga zamu, angalia nani ni mgeni. Mgeni kaa naye. Mkongwe mwenye kazi yake kichwani mwache aende.

MwishoWaReli

Kijana, umenigusa pabaya. Kati ya watano walio nyumbani, wawili ndio wapya kabisa. Unajua nilichaguaje? Meza sita zilipogawiwa, wakongwe walikaa kwanza. Waliobaki wamesimama ndio wakaenda nyumbani. Huo ndio mpango mzima.

Mzee wa stesheni, shikamoo. Nimeisoma ya kwako mara tatu. Wakili, barua ya makato niliyokuwa nimeiandaa nimeifuta. Bado sijamwambia mkurugenzi.

MpimaMizani

Mimi ni wa stoo. Siyo stoo ya mwenye uzi, ila ni kazi ile ile, hapa hapa Kigoma. Nimeona mnatuongelea kama watu wenye wivu.

Mimi nyumbani sitaki. Nyumba yangu ina joto na watoto wanne. Mizani iko Kibirizi, upepo wa ziwa unapiga, nina wenzangu wa kucheka nao, na mtumbwi ukiingia na dagaa tunachangia kitoweo. Nani kasema namwonea wivu aliyejifungia na kompyuta?

Kinachotukera ni kingine. Watu wa mezani walipohamishiwa nyumbani waliulizwa. Labda hawakuulizwa vizuri, lakini kulikuwa na kikao, na soda zilinywewa. Sisi saa zetu zilibadilishwa siku hiyo hiyo, tukaanza kuingia saa moja badala ya saa mbili, kwa sababu karani wa hati sasa yuko nyumbani na anataka takwimu mapema. Tuliambiwa kwa ujumbe wa mistari miwili. Mwenzetu akipata nafuu, sisi ndio tunaamka alfajiri kuilipia.

Na nyie wa mezani mna siku mbili tatu za kuchagua. Kwa nini mimi nisipewe kuchagua zamu? Kuna anayetaka kuingia alfajiri atoke saa saba aende shamba. Kuna mama mwenye mtoto wa chekechea anayetaka saa tatu. Mizani haihami, sawa, lakini saa zinahama. Mbona zilipohamishwa na karani zilihama vizuri tu.

Ng'amboExpress

Hii ndiyo ya kuwekwa juu ya uzi.

ChifuWaIsevya

Nakubali hili. La nyumbani bado sikubali.

FundiWaMtandao

Mchango mfupi wa ufundi. Huku kwetu msijenge mfumo unaotegemea mkutano wa video. Kigoma tulikuwa watu wa majenereta ya dizeli, gridi imetusaidia, ila umeme ukikatika na mnara ukilegea, mkutano wa watu kumi na mmoja unageuka "unanisikia, unanisikia". Maamuzi yaandikwe, maandishi yanapita hata mtandao ukiwa dhaifu. Video iwe ya mambo ya kuonana uso, mara moja kwa wiki, isizidi nusu saa.

Bei na maagizo msiyaweke kwenye kundi la kupigiana soga. Fungua kundi la pili ambalo ni viongozi wawili watatu tu wanaoweza kuandika, wengine wanasoma. Humo hakuna pole, hakuna hongera, hakuna picha ya mchungaji. Bei, saa ilipoanza kutumika, nani kaitoa. Na jedwali la bei liwe moja, mtandaoni, wote wanafungua lile lile. Siyo "bei_mpya_mwisho_kabisa_2".

Bando: nunua laini za ofisi, ziwe mali ya ofisi, weka bando la mwezi mwenyewe. Ni rahisi kuliko kurudishiana hela kwa risiti za vocha, na mtu akiacha kazi laini inarudi na namba za mawakala zinabaki.

MwishoWaReli

Wakuu, narudi baada ya siku kumi na mbili. Niwape mrejesho, maana nachukia nyuzi zinazoachwa njiani.

Nilimpigia mkurugenzi nikamsomea kifungu cha 28 kama kilivyoelezwa hapa. Alinyamaza, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo nani alaumiwe?" Nikasema mimi. Hakukataa haraka kama nilivyotarajia. Hakuna aliyekatwa. Onyo la kalenda nimelitoa kwenye faili la dada, nikaenda mwenyewe kwao kumwambia. Alinikaribisha chai, akanionyesha kalenda. Bado ni Machi. Anasema ukuta ule una ufa na Machi ndiyo inaufunika vizuri.

Picha za meza nimezifuta. Badala yake kila mtu wa mezani, aliye ofisini na aliye nyumbani, mimi nikiwemo, anaandika jioni mistari mitatu: nimemaliza nini, nini kimekwama, nani namsubiri. Wiki ya kwanza nilipata mshtuko. Watu wawili niliokuwa nawaona kila siku, wanaofika kabla ya saa mbili, hawakuwa na cha kuandika. Sitasema zaidi, mmoja huenda anasoma hapa.

Kundi la maagizo tumefungua. Siku ya tatu tulikuwa kwa mama lishe, mkurugenzi akapiga kuhusu magunia. Mhasibu akanishika mkono: "Andika kabla hujamega." Nikaandika kwa mkono wa kushoto, wa kulia una mgebuka. Imeingia na makosa ya herufi, ila imeingia.

Wapya wawili wamepata meza. Wakongwe wawili wameenda nyumbani, mmoja amefurahi, mwingine amenuna na sijamalizana naye. Anasema ameitumikia kampuni miaka tisa halafu ananyang'anywa kiti. Nilidhani naye atashukuru. Nimemwahidi Jumatatu na Alhamisi ana meza, na wote kumi na mmoja tunaonana Alhamisi, tunabanana. Alhamisi iliyopita tulikalia hadi ndoo.

Barua za mahali pa kazi zimeandikwa, zinasubiri saini. Laini za ofisi zimekubaliwa, tano. LUKU imekataliwa.

Stoo nilikwenda kuwauliza, maana na kwangu saa zao zilihamishwa. Kweli nikaenda kuuliza, sikwenda kutangaza. Watu watatu wanataka alfajiri, wanne wanataka saa mbili kama zamani, mmoja hataki kuulizwa chochote. Tumeanza kujaribu wiki hii. Karani wa hati anapata takwimu saa nne badala ya saa moja unusu na mpaka sasa hakuna meli iliyozama.

MpimaMizani

Ulienda na soda?

MwishoWaReli

Kreti mbili.

BintiWaUjiji

Na mhuri?

MwishoWaReli

Dada, mhuri wa pili mkurugenzi amegoma kabisa. Anasema kampuni yenye mihuri miwili ni kampuni mbili. Kwa hiyo kila Ijumaa saa nane napanda bodaboda na mhuri mfukoni na kidau cha wino kwenye mfuko wa nailoni, napita Gungu, nashuka Ujiji, namalizia Bangwe. Jana shati limeingia wino. Mama watoto ameuliza ni la nani, nikamwambia ni la ofisi, akasema aone kwanza barua.